Ng'ombe Walipoondolewa Kondoa

Ndugu msomaji, hebu fikiri kwamba leo kiongozi amebisha hodi mlangoni pako, akakutaka ukitoe nyumbani kitu kile kinachowapa wanao maziwa, shamba lako mbolea na kijana wako mahari. Utamjibu nini?

Swali hilo liliwakabili wakazi wa Milima ya Irangi, wilayani Kondoa, mwaka 1979. Ardhi yao ilikuwa imechakaa. Makorongo yalikuwa yameila miteremko, na mchanga ulikuwa umefukia mashamba ya mabondeni. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, ulioanzishwa mwaka 1973, ulikuwa umekwisha jaribu matuta na upandaji wa miti, lakini tiba haikutosha maadamu mifugo iliendelea kula na kukanyaga majani. Ndipo ilipotolewa amri kwamba mifugo yote iondoke katika eneo la kilometa za mraba 1,256. Wanyama wapatao 90,000 wakaswagwa kwenda nje, wengine kwa jamaa wa mbali.

Wananchi hawakufurahi, na walikuwa na sababu. Wahenga walinena: mwenye kovu usidhani kapoa. Enzi za Mwingereza walishurutishwa kuchimba matuta na kupunguza mifugo; hivyo neno "hifadhi" lilikwisha kuwa chungu masikioni mwao. Tena hasara ilikuwa ya siku ile ile, na faida ilikuwa ya miaka ijayo. Mama aliyekosa maziwa ya mtoto jioni hashibishwi na ahadi ya nyasi.

Hata hivyo nyasi ziliota, na miteremko iliyokuwa uchi ikavaa kijani. Kisha, mwaka 1989, ulianza ufugaji wa ng'ombe wa maziwa zizini, wakikatiwa majani na kuletewa. Maziwa na samadi vikarudi nyumbani. Sasa mwenye ng'ombe alikuwa na sababu yake mwenyewe ya kuyatunza majani yale.

Amri iliweza kuwaondoa ng'ombe kwa muda mfupi. Ridhaa ilihitaji miaka, na ilihitaji maziwa.

Nasi mijini tuna Kondoa zetu. Baba anataka nyumba nzima iache sembe ile ugali wa mtama. Mama anataka maji yote ya kunywa yachemshwe, na mkaa ni ghali. Kabla hatujamwita mwenzetu mkaidi, tumuulize kwanza: unapoteza nini, na nani atakufidia?