Kisima cha Ukweli katikati ya London

Pazia la ukumbi wa Shaftesbury, London, lilipofunguliwa tarehe 28 Aprili 1909, watazamaji walijikuta katika nchi ambayo Wakati mwenyewe ameisahau. Nchi hiyo inaitwa Arcadia, iko karibu na Ncha ya Kaskazini, na watu wake hawazeeki wala hawasemi uongo. Ghafla inawaangukia ndege, na ndani yake yumo James Smith, mfanyabiashara wa mikahawa kutoka London, mtu mzima mwenye ndevu za mashavuni. Haupiti muda anadanganya. Wenyeji, kwa mshtuko, wanamtumbukiza katika Kisima cha Ukweli. Anaibuka kijana laini, ndevu zimekwenda na maji, na jina lake jipya ni Simplicitas. Kisha anatumwa kurudi London pamoja na mabinti wawili wa Arcadia, Sombra na Chrysaea, wakawafundishe Waingereza kusema kweli.

Hiyo ndiyo The Arcadians, na kwangu mimi hakuna kichekesho cha muziki cha enzi ya Mfalme Edward VII kilichosukwa vizuri kuishinda. Ilichezwa mara 809, hadi Julai 1911, na mfalme mwenyewe alifariki ikiwa bado jukwaani. Ile ndege nayo haikuwa pambo la kawaida. Louis Blériot alivuka mlango wa bahari kutoka Ufaransa kwenda Uingereza tarehe 25 Julai 1909, karibu miezi mitatu baada ya onyesho la kwanza. Watu walioketi Shaftesbury usiku ule wa Aprili walikuwa bado hawajaona mtu akiruka kuja kisiwani kwao.

Aina hii ya mchezo ilianza kupata umbo mwanzoni mwa miaka ya 1890, mikononi mwa George Edwardes, bwana wa ukumbi wa Gaiety. Alichukua watu wa siku zile wakiwa na nguo za siku zile, wauza duka, mabwana wenye vyeo, wasichana wa jukwaani, akawapa hadithi nyepesi ya mapenzi na nyimbo nyingi. Wimbo ukichosha uliondolewa, mwingine ukapachikwa mahali pake, na mara nyingi hadithi haikuhisi lolote. Mtayarishaji wa The Arcadians, Robert Courtneidge, alitaka kitu kilichoshikana zaidi. Hadithi iliandikwa na Mark Ambient na Alexander Thompson, sehemu kubwa ya maneno ya nyimbo ikatungwa na Arthur Wimperis, na muziki ukagawanywa kwa watu wawili, Lionel Monckton na Howard Talbot.

Utunzi wa watu wawili kwa kawaida huacha mshono unaoonekana. Hapa mshono wenyewe umekuwa faida. Monckton alikuwa fundi wa tuni ambayo mtu huondoka nayo ukumbini akiipiga mluzi. Ni yeye aliyempa Sombra wimbo wa filimbi za Pan, mungu wa wachungaji, unaowaita watu watoke mjini warudi porini. Florence Smithson, aliyekuwa Sombra wa kwanza, alikuwa na soprano ya juu sana, nyembamba na safi, na Arcadia nzima inakaa ndani ya sauti hiyo. Eileen Cavanagh, msichana wa Ireland aliyechezwa na Phyllis Dare, naye ana wimbo wa Monckton, wa kuisifu lafudhi ya kwao.

Lakini wimbo wa Monckton ninaourudia zaidi ni ule wa Eileen na Jack Meadows uitwao "Charming Weather". Vijana wawili wanapendana na wote wawili wanaona haya, basi wanazungumza habari za hali ya hewa. Hakuna zaidi ya hapo. Tuni inakwenda taratibu, maneno ni yale yale ya adabu, na kila tukisikia jua na mvua tunajua kinachozungumzwa si jua wala mvua. Katika mchezo unaowinda waongo, hawa wawili wanafichana ukweli kwa heshima, na muziki uko upande wao kabisa.

Upande wa Talbot unasimama Peter Doody, mpanda farasi wa mashindano. Tuko sasa Askwood, uwanja wa mbio ambao kila mwana London alijua ni Ascot iliyobadilishwa jina. Doody ni mnyonge, uso umemshuka, na farasi anayepaswa kumpanda, The Deuce, ni mkali. Wimbo wake unaitwa "My Motter", yaani kaulimbiu yangu, na tahajia hiyo inafuata matamshi ya mtu wa mitaa ya kawaida ya London. Kaulimbiu yenyewe ni kwamba mtu achangamke daima. Alfred Lester aliimba maneno hayo ya furaha kwa sauti ya mtu anayerudi kuzika, wala hakutabasamu. Ukumbi ulicheka, na naamini ulimhurumia pia, kwa sababu Doody hadanganyi: kweli anajitahidi kuchangamka.

Siku ya mbio, Simplicitas ndiye anayempanda The Deuce. Sombra, ambaye anajua kusema na wanyama, anamnong'oneza farasi, na farasi anashinda.

Kitendo cha tatu ndicho chenye makali zaidi. Mke wa Smith, asiyejua kwamba kijana huyu mzuri ni mumewe, amefungua mkahawa wa Kiarcadia, na kisima kimejengwa humo humo ndani. London yote inamiminika. Mavazi ya Arcadia yamekuwa mtindo wa mjini, lakini uongo haujapungua hata kidogo, na mhubiri mwenyewe anafurahia mabibi wanaomzunguka. Anadanganya tena, anatumbukia tena kisimani, na anayetoka safari hii ni James Smith na ndevu zake zote. Mkewe anampata mumewe. Jack na Eileen wanapatana. Sombra na Chrysaea wanakubali kwamba kazi imewashinda, wanafunga safari ya kurudi kwao.

Mwaka 1927 Victor Saville aliugeuza mchezo huu kuwa filamu isiyo na sauti. Anayetaka kuujua leo heri aanzie kwenye nyimbo: kwanza ule wa Doody, halafu ule wa hali ya hewa, na sauti ya Sombra aiweke mwisho.