Miungu ya Wazee na Ulizo la Vijana

Wandugu, kijana wa Kalemie akituuliza: «Dini ya Yezu si ililetwa na wazungu? Kwa nini tusirudie mizimu ya wababu wetu?», tusimkemee. Kwanza ajue kwamba hata wazungu wengine wanauliza vilevile.

Iceland ni kisiwa cha kaskazini ya Ulaya. Watu wake walipokea ukristu karibu mwaka 1000. Lakini mwaka 1972 Sveinbjörn Beinteinsson, mkulima na mtunga mashairi, alianzisha pamoja na wenzake chama cha kuheshimu tena miungu ya kale, kama Odin na Thor. Mwaka 1973 serikali ilikitambua. Habari za miungu hiyo walizipata hasa katika vitabu vilivyoandikwa na Wakristu katika karne ya 13, kwani hakubaki kuhani wa zamani wa kuwafundisha. Basi dini hiyo ni nyumba mpya, iliyojengwa kwa mawe ya kale.

Wanatafuta nini? Wengi wanataka kujua: sisi ni nani, tumetoka wapi? Njaa hiyo si zambi, na sisi tunaijua. Mwezi wa Desemba 1884, ofisa Mbelgiji Storms, mwenye boma la Mpala, kusini ya Kalemie, alituma watu kumshambulia Lusinga, mfalme wa Watabwa. Lusinga aliuawa, na sanamu ya wazee wake ikapelekwa Ubelgiji. Leo imo katika makumbusho ya Tervuren. Mwaka 1885 boma hilo likapewa Mapadri Weupe. Kijana anayeyatazama mambo hayo mawili pamoja ana haki ya kuuliza.

Lakini hatari iko. Kati ya wafuasi wa miungu ya kaskazini, wengine wanampokea kila mtu. Wengine, hasa katika Marekani, wanasema dini hiyo ni ya damu ya wazungu tu. Mwaka 1937 Papa Pius XI aliwaonya Wakatoliki wa Ujerumani: mwenye kuinua taifa au damu hata kuiabudu anapotosha utaratibu wa Mungu.

Sisi wa Tanganyika tumeona matunda ya chuki ya kabila. Tangu mwaka 2013 Batwa na Baluba walipigana. Vijiji viliteketezwa, na watu wengi wakakimbilia kambi karibu na Kalemie. Vita ile haikuwa ya dini. Lakini inatufundisha kwamba ukoo ukiwekwa mahali pa Mungu, jirani anakuwa adui.

Basi tujibu nini? Tusiseme kwamba wazee wetu walikuwa giza tupu. Padri Stefano Kaoze, Mtabwa, padri wa kwanza wa Kongo ya Wabelgiji, aliyepadirishwa mwaka 1917, aliandika juu ya mawazo ya watu wake. Mwaka 1988 Roma ilikubali Misa ya Zaire: ndani yake, pamoja na watakatifu, tunawataja wababu waliomtafuta Mungu kwa moyo mnyofu. Hatuwaabudu, tunasimama nao mbele ya Baba mmoja, aliye Baba wa Batwa na wa Baluba pia.

Kila katekista awaulize wazee habari za ukoo, mezali zao, na ginsi walivyomtaja Leza mbele ya wamisionari kufika; kisha avilete katika mafundisho. Kijana asiyewakuta wababu wake kanisani atawatafuta mahali pengine, na huko labda atafundishwa kumchukia jirani yake.