Bamvua, kidaka na kaa aliyekosa nyumba

Likizo iliyopita mwanangu wa miaka saba alirudi kutoka pwani na mfuko wa makombe, akauficha uvunguni mwa kitanda. Siku ya tatu nyumba nzima ilinuka. Tulipoufungua tulikuta kwamba mengi ya makombe yale hayakuwa matupu. Ndani yake walikuwamo kaa wadogo, wote wamekufa. Mtoto alilia sana, nami nilijua kosa ni langu, kwani nilimwacha aokote bila kumfundisha kutazama.

Kaa huyo hana gamba gumu sehemu ya nyuma ya mwili wake. Huingia katika kombe la konokono aliyekufa, na kila anapokua hulazimika kutafuta kubwa zaidi. Kwa hiyo hata kombe tupu ni nyumba inayongojewa na mtu. Mtoto akimweka kaa kiganjani, akatulia kimya, kwa kawaida ataona miguu ikichomoza mmoja mmoja. Asimvute, maana kaa yuko radhi akatike kuliko kutoka.

Wakati mzuri wa ziara kama hiyo ni bamvua, na familia inayofuata kalenda ya Hijria tayari inazo tarehe zake. Bamvua huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ilhali maji mafu huangukia kwenye tarehe 7 au 8 na 21 au 22. Katika Unguja na Dar es Salaam, maji ya bamvua hupwa kabisa kiasi cha saa nne au saa tano asubuhi, wakati mwafaka kwa watoto. Mpe mtoto kijiti achomeke mahali maji yalipofika, na aandike saa. Akirudi kesho yake atagundua mwenyewe kwamba bahari imechelewa kwa takriban dakika 50. Hapo ndipo maswali juu ya mwezi yatakapoanza, nawe ujiandae kuyajibu.

Watoto wavae viatu, na mtu mzima awe nao muda wote. Konokono mwenye kombe lenye umbo la pia asiguswe hata kidogo, kwani baadhi ya jamaa zake wana sumu inayoweza kuua. Maji yakigeuka, wote warudi nchi kavu hata kama mchezo umenoga.

Watoto watachukua nini basi? Watazame juu ya ufuo, chini ya minazi. Mnazi hudondosha mali bila kuombwa. Karara lililokauka tayari lina umbo la ngalawa. Linahitaji mlingoti wa chelewa na tanga la jani tu. Vidaka vilivyopukutika, ambavyo havikufikia hata kitale, huchongwa pia nzuri. Kwa ukuti mbichi mmoja, babu zetu walitengeneza kititia: vipande viwili vya jani husukwa msalaba, chelewa ikapenya katikati, mtoto akakimbia nacho kuelekea upepo. Nasikitika kuona watoto wengi wa pwani wanakijua kititia cha plastiki cha dukani tu. Ikiwa wewe mzazi umesahau kusuka, mwombe bibi, atafurahi kuombwa.

Amepokea Abu Dawud kwamba masahaba walichukua makinda mawili ya ndege safarini, mama yao akaja akipigapiga mbawa, na Mtume (s.a.w.) akaamuru makinda yarudishwe. Nilimsimulia mwanangu kisa hicho usiku ule wa mfuko.

Bamvua iliyofuata tulirudi ufuoni. Aliokota kombe, akalishika kiganjani, akangoja mpaka mkono ukamchoka. Miguu myekundu ilichomoza. “Mama, yumo,” alininong’oneza, akainama na kulirudisha penye jiwe lile lile. Nyumbani tulirudi na makarara mawili na vidaka tisa.