Kosa Linalojificha Fundi Akija

Msikilizaji mmoja wa Mikumi ameniuliza: inakuwaje kompyuta iuze kiti kimoja cha basi kwa abiria wawili, na fundi akiitwa aikute inafanya kazi vizuri?

Tufuate hatua. Wakala wa Kilosa anauliza: kiti namba 12 kipo wazi? Anajibiwa ndiyo. Kabla hajauza, wakala wa Mikumi anauliza swali lilelile, naye anajibiwa ndiyo. Wote wawili wanauza. Hakuna wakala aliyekosea. Kosa limo katika mpishano wa matukio. Fundi akijaribu peke yake, hatua moja baada ya nyingine, hatalikuta.

Kosa la aina hii limewahi kuua. Kati ya 1985 na 1987 mashine ya tiba ya mionzi iitwayo Therac-25 iliwapa wagonjwa sita wa Marekani na Kanada mionzi kupita kiasi, na baadhi yao walifariki. Mafundi waliipima wasione kasoro. Mwaka 1986 huko Tyler, Texas, mtaalamu wa fizikia wa hospitali, Fritz Hager, aliketi na mwendesha mashine wakarudia yaliyofanyika, mpaka kosa likajitokeza. Siri ilikuwa kasi. Mwendeshaji mzoefu alipowahi kusahihisha maelezo ndani ya sekunde 8, mashine ikiwa bado inajipanga, marekebisho hayakufika kila sehemu ya programu.

Somo ni hili: fundi asiulize tu kilifanyika nini, aulize kipi kilitangulia. Programu iandike kila tukio na wakati wake. Kisha fundi acheleweshe hatua hii na kuharakisha ile, kwa makusudi, mpaka kosa lirudi.

Dawa yake watu wa Kilosa wanaijua. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa 1905 kutoka Dar es Salaam na kufika Kigoma 1914, ilijengwa njia moja, na hapo Kilosa ndipo linapochepuka tawi la Mikumi hadi Kidatu. Katika reli ya namna hiyo treni hupishana stesheni, na dereva haondoki bila kibali. Kiti namba 12 nacho kiwe na kibali kimoja: akishakipata wakala mmoja, mwingine asubiri.

Lakini kibali nacho kina hatari yake. Kilosa akishika kiti cha 12 huku akingoja cha 13, na Mikumi akashika cha 13 huku akingoja cha 12, watangojana mpaka basi liondoke. Kwa hiyo wote waanze na namba ndogo.

Siku hizi hata fedha zetu zimo kwenye simu. Mteja akilalamika kwamba amekatwa mara mbili, asijibiwe kwamba mashine haikosei. Aulizwe: ilikuwa saa ngapi na dakika ngapi? Uchunguzi uanzie hapo.