Mwani na Walaji Wake katika Ziwa Victoria

Maji ya ziwa yanapogeuka rangi ya kijani, husemwa kwamba yamechafuliwa. Kauli hiyo ni nusu tu ya ukweli. Mwani, yaani vimea vidogo mno vinavyoelea majini, huzidi kwa sababu mbili: ama umelishwa kupita kiasi, ama walaji wake wamepungua. Katika Ziwa Victoria mambo hayo mawili yalikutana.

Ziwa hilo, lenye eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, limegawanywa baina ya Tanzania, Uganda na Kenya. Hapo zamani samaki aliyethaminiwa kuliko wote na wavuvi wake alikuwa ngege, aina mojawapo ya perege. Ngege ni mchujaji: huvuta maji kinywani, mwani ukanaswa na ute pamoja na vijimiiba vya mashavuni vilivyopangika kama meno ya kitana, kisha maji hutoka, na chakula humezwa. Pamoja naye waliishi furu, samaki wadogo wa spishi zipatazo 500, ambao baadhi yao walikula mwani na mabaki yake yaliyotuama chini. Hivyo mwani uligeuka kitoweo, na ziwa likapunguziwa mzigo wake.

Walaji hao walipungua hatua kwa hatua. Nyavu za kunasa samaki mashavuni, zilizoingia mwaka 1905, ziliwapunguza ngege. Katika miaka ya 1950 waliletwa sato na sangara. Sato, ambaye hula mwani lakini pia wadudu na vitu vingine vingi, alishindana na ngege kwa makao na mazalio. Sangara, aliyetolewa Ziwa Albert lililo mpakani mwa Kongo na Uganda, aliwala furu. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 spishi nyingi za furu zilikuwa zimetoweka.

Wakati huohuo rutuba ilikuwa ikimiminika ziwani. Misitu ilifyekwa, mashamba yakapanuliwa, na mvua ikasomba udongo. Miji kama Kisumu, Mwanza na Kampala ilitoa maji machafu. Moshi na vumbi la mashamba yaliyochomwa navyo vilianguka majini pamoja na fosforasi. Vipimo vya miaka ya 1990, vikilinganishwa na vile vya mwanzo wa miaka ya 1960, vilionyesha kwamba mwani ulikuwa umeongezeka mara kadhaa.

Yafaa ikumbukwe kwamba haukubadilika wingi tu, bali na aina pia. Zamani ulitawala mwani wa diatomu, ambao ngege huupendelea na ambao hujijengea ganda kwa silika. Ulipozidi, ulizama na silika hiyo hadi ikapungua majini. Nafasi yake ikatwaliwa na mwani wa rangi ya buluu-kijani, usiohitaji silika, ambao aina zake kadhaa huweza kujipatia naitrojeni kutoka hewani.

Hapo ndipo mchujaji anapodhurika. Mwani huo mara nyingi hufungamana katika mafungu au nyuzi, na baadhi yake una sumu. Udongo uliosombwa huyatatiza mashavu. Mwani unapokufa huzama na kuoza, na bakteria wanaouozesha huimaliza oksijeni, hata vilindi visikalike. Kwa maneno mengine, uchafuzi humwongezea mchujaji chakula kwanza, kisha humharibia chakula hicho, na mwishowe humnyima pumzi.

Wataalamu wengi huiona rutuba kuwa chanzo kikubwa zaidi, ijapokuwa uzito wa kutoweka kwa walaji bado hujadiliwa. Lililo dhahiri ni kwamba kuwarudisha wachujaji hakutafaa kitu iwapo udongo na maji machafu havitazuiwa. Wangerudishwa katika maji yasiyowafaa tena.

Ngege hawajaisha kabisa. Wamesalia katika maziwa madogo ya kandokando, kama Kanyaboli nchini Kenya, lililotengwa na ziwa kuu kwa mabwawa ya mafunjo. Katika masoko ya ufukwe wa Kenya jina lao lingali linatajwa kila siku, lakini mara nyingi samaki anayeuzwa kwa jina hilo ni sato. Neno limedumu, aliyelibeba kwanza ameondoka.