Yossel: Jina la Joe Slovo Kabla ya "Joe"



Joe Slovo wengi tunamjua: mnadhimu mkuu wa Umkhonto we Sizwe, baadaye waziri wa nyumba katika serikali ya Mandela mwaka 1994. Huku Sandton jina lake linaambatana na shamba la Liliesleaf, Rivonia, maficho ya wapigania uhuru ambayo polisi waliyavamia tarehe 11 Julai 1963. Slovo alikuwa ameshatoka nchini. Lakini "Joe" silo jina alilozaliwa nalo. Alizaliwa mwaka 1926 huko Obeliai, Lithuania, akaitwa Yossel.

Yossel ni jina la Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Mwili wake ni wa Kijerumani, maneno mengi ni ya Kiebrania, na huandikwa kwa herufi za Kiebrania. Si kama Kiswahili chetu? Mwili wa Kibantu, maneno ya Kiarabu, na zamani tuliandika kwa herufi za Kiarabu.

Sasa tulifungue jina lenyewe. Asili yake ni Yosef. Katika kitabu cha Mwanzo, Raheli, aliyekaa miaka bila mtoto, alimwita mwanawe hivyo akiomba Mungu amwongezee mwingine. Maana yake basi ni "na aongeze". Kwetu ndiye Yusufu au Yosefu, na dada zetu wanaoitwa Ziada wako karibu kabisa na maana hiyo. Ile "l" ya mwisho hupunguza, kama "ki" katika kitoto, ila kwa mapenzi, bila dharau. Yossel ni Yusufu mdogo, yule wa kubebwa mgongoni.

Mimi pia ni Yusufu, na darasani wameshanipachika "Joe". Sawa, ni rahisi kutamka. Nikipiga simu nyumbani narudi kuwa Yusufu. Yossel hakubaki na nyumbani kwa kupiga simu. Familia yake ilihamia Johannesburg akiwa mtoto, na tarehe 25 Agosti 1941 Wayahudi 1,160 walipigwa risasi Obeliai, 421 kati yao wakiwa watoto. Waliolijua jina hilo kwa lafudhi yake wakaisha siku moja.

Kwa hiyo jamani, ukiitwa kwa kifupi itika tu, hakuna ubaya. Ila wiki hii mpigie bibi au shangazi, umuulize nani alikupa jina na kwa nini. Akijibu, andika.