Dripu ya kasi si dawa ya kila homa

Kambini tulikosomea, mgonjwa akizidiwa ndugu walidai dripu ikimbizwe. Desturi hiyo tumerudi nayo. Lakini sepsisi, yaani maambukizi kuushinda mwili hadi viungo kuharibika, haitaki pupa.

Mwaka 2011, utafiti wa FEAST kwa watoto 3,141 mahututi wa homa, Uganda, Kenya na Tanzania, ulishtua madaktari: waliopewa maji mengi kwa kasi walifariki zaidi ya 10 katika kila 100 ndani ya saa 48, wasiopewa, 7 hivi. (Anayeharisha ni habari nyingine, maji anayahitaji.)

Ndugu mfanyabiashara, mtoto akihema mbio na mikono ikipoa, usingoje soko lifungwe. Mwambie daktari homa ilianza lini na dawa alizokwisha kunywa. Kasi ya dripu mwachie yeye.